Kanuni na Uraia: Kumsoma Upya Kaluta Amri Abedi

Katika mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko, Kaluta Amri Abedi ametumiwa kama rungu kuliko alivyosomwa kama mwandishi. Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) hutajwa na anayetaka kukikana Kichomi (1974) cha Kezilahabi, au na anayetaka kuonyesha jinsi mapokeo yalivyowafunga watunzi. Pande zote mbili humsahau mwanasiasa aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, kisha Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963.

Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa. Kwa mtoto aliyelelewa Lamu au Mombasa, vina na mizani huingia masikioni kabla ya kupewa majina. Anayehitaji mwongozo ni msomaji wa bara, au mhamiaji wa Kariakoo ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya mjini. Kueleza kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, nane kwa nane, na kwamba kila kipande hufungwa kwa kina chake, ni kuitoa sanaa hiyo katika urithi wa koo na kuikabidhi kwa yeyote ajuaye kusoma. Huo ndio uliberali wa kitabu hiki, ambao uhakiki haujautambua ipasavyo.

Mji aliouongoza ulikuwa umegawanywa na wakoloni: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, huku uwazi wa Mnazi Mmoja ukitenga hizi mbili za mwisho. Wenyeji walikuwa na mahakama zao pia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, ya enzi za uwaziri wake, ilikusudia kuufuta utengano huo wa kimahakama. Mwaka huohuo sheria za mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba zilitangazwa kwa maandishi, na hapo hatari ya kuandika kanuni inaonekana wazi: vipengele vya urithi vinavyombana mwanamke viliganda katika hati, na vimeendelea kupingwa mahakamani miongo kadhaa baadaye.

Kitabu cha 1954 kina mgando kama huo. Abedi anapolinyima maana shairi lisiloimbika, haelekezi tena, anahukumu. (Wafuasi wake wameikariri hukumu hiyo kuliko mafunzo yenyewe.) Ni dai moja tu, lakini ndilo lililobeba takriban mgogoro wote wa miaka ya 1970. Naye Kezilahabi, aliyewekwa kizimbani kwa dai hilo, alikuwa mzaliwa wa Ukerewe: mtu wa bara, msomaji yuleyule ambaye kitabu kiliandikwa kumfungulia mlango.