Shamba la sola la jamii: bili itashuka, taa je?

Marekani kuna miji inayojiunga na mashamba ya sola ya jamii. Jimbo la Minnesota liliyaruhusu kwa sheria ya mwaka 2013: halmashauri inalipia sehemu ya paneli zilizo mbali, umeme wake unaingia kwenye gridi, bili inapunguzwa. Wazo zuri. Ila tukilileta Matai, wilayani Kalambo, tusidanganyane.

Umeme hauna jina la mtu. Wa paneli unachanganyika na mwingine wote. Unachopata ni punguzo la hesabu. Halafu gridi ikizima, inveta za kawaida za shamba hujizima pia, ili fundi aliye kwenye nyaya asipigwe shoti. Yaani jua kali, paneli zipo, na wodi ya wazazi giza.

Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi umetegemea umeme wa Zambia, ambao kwa sehemu kubwa ni wa maji, na ukame wa 2024 uliishusha sana Kariba. Kwa hiyo shida yetu si bili tu, ni kukatika. Basi shilingi ya kwanza inunue paneli na betri za kituo cha afya. Shamba lifuate.