Washa Tatu za Danbury

Skrubu iligota. Hapo ndipo kazi ilipopaswa kusimama. Lenzi ya korekta ya vioo, kifaa ambacho Perkin-Elmer walikitumia Danbury, Connecticut, kupimia kioo kikuu cha darubini ya Hubble, ilitakiwa kushuka hadi pale fimbo ya kipimo ilipoelekeza, na skrubu ya kurekebishia ikaishiwa njia. Mafundi wakachomeka washa tatu za kawaida, za duka lolote la vifaa, lenzi ikashuka milimita 1.3, seti ikakamilika. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwanaharamu akapita kweli, mpaka angani, tarehe 24 Aprili 1990.

Kifaa kilichosanifiwa kwa mikroni hakipungukiwi na milimita nzima na ushei bila mtu kuwa amegusa pasipo. Na alikuwa amegusa pasipo. Ncha ya fimbo ile ya Invar ilivikwa kifuniko chenye tundu dogo, ili mwali wa interferomita upenye tunduni na kurudi kutoka kwenye chuma cha fimbo. Kifuniko kilipakwa rangi ya kuzuia mng'ao. Rangi ilibanduka kidogo, mwali ukarudi kutoka kwenye kifuniko, na hicho ndicho kilichopimwa, huku kila mtu akiamini imepimwa fimbo.

Anayeshinda kwenye CMM hahitaji kuelezwa zaidi. Ni probu iliyogusa chembe ya chuma badala ya uso wa kipande: datamu imechukuliwa juu ya uchafu, na ripoti inatoka na desimali nne, safi ya kutundikwa ukutani. Safu hii imeshapiga kelele mara nyingi juu ya pointi tatu za datamu ya kwanza zinazobanana kama kuku mvuani, na haijachoka. Pointi zikipishana mm 20, chembe ya mm 0.01 chini ya mojawapo inauinua upande wa pili, mm 400 kutoka hapo, kwa mm 0.2. Kisha kijana anabonyeza besti-fiti, programu inaligawa kosa huku na huku, skrini nzima inageuka kijani. Hizo nazo ni washa, ila za kompyuta.

Ung'arishaji wenyewe ulikuwa wa hali ya juu.

Kioo hicho cha mita 2.4 kilikitii kipimo kwa uaminifu wa kutisha; ndiyo maana ukingo wake ulitoka bapa kupita kiasi kwa takriban mikroni 2.2. Kilifundishwa uongo, kikaushika vizuri.

Kinachoudhi kuliko washa ni walivyotendewa mashahidi. Korekta ya pili, ya lenzi tupu, ilionyesha kasoro mwaka 1981. Kifaa cha tatu, kilichotengenezwa mahususi kuikagua ile ya kwanza, nacho kilionyesha. Vyote viwili vikaambiwa havina usahihi wa kutosha, maana mkubwa alikwishasema. Desemba mwaka huohuo kioo kikapakwa alumini.

Joseph Whitworth angewafukuza wote karakanani. Alipozungumza Glasgow mwaka 1840 juu ya kutengeneza nyuso bapa za chuma, hakuwa na leza wala kompyuta. Alikuwa na kikwaruzo, rangi na subira. Mabamba yake yalikwenda matatumatatu, kwa kuwa mawili yanaweza kulaliana barabara, moja limebonyea na jingine limetuna, yakaapa kwamba yamenyooka. La tatu ndilo linaloyaumbua. Danbury walikuwa na vitatu vyao, viwili vikipaza sauti moja, wakasikiliza kile cha peke yake.

Tume ya Lew Allen ilipochunguza mwaka 1990 iliikuta korekta ya vioo imesimama kama ilivyoachwa, na hilo liliwasaidia wahandisi kupata kipimo cha marekebisho yaliyopelekwa na chombo cha Endeavour Desemba 1993. Baada ya miaka tisa, washa zilikuwa bado mahali pake.