Ukihama Simu, Unahama na Nini?

Hadithi ya Nokia umeshaisikia. Inasimuliwa kwenye semina za ujasiriamali na vyuoni, na kila msimuliaji anaimalizia palepale: kampuni kubwa ya Finland ililala, wenzake wakaamka, wateja wakahama. Mwaka 2011 mkurugenzi wake mkuu, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya jukwaa linaloungua katikati ya bahari. Mwaka 2014 biashara ya simu ikaenda kwa Microsoft. Funzo: usilale.

Si hadithi ya uongo. Tatizo ni kwamba inamtazama muuzaji tu. Anayehama yeye yuko wapi? Hebu tumtafute Mugango, Musoma Vijijini, kando ya Ziwa Victoria. Huko, kama kwingine Tanzania, watu waliziacha Nokia wakachukua Tecno na itel bila kuhudhuria semina yoyote. Walihama kwa wepesi. Leo mtu huyohuyo akitaka kuhama kutoka simu janja moja kwenda nyingine, anatokwa jasho. Kwa nini? Hilo ndilo swali ambalo wahakiki wetu wa simu hawaliulizi, na naona ndilo kubwa kuliko la kamera.

Tuanze na kilichowavuta. Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kila anayeisifu anataja kamera zilizorekebishwa zitoe vizuri sura za watu weusi. Ni kweli kazi hiyo ilifanyika, na ni kazi ya kisayansi ya kuheshimiwa, maana kamera nyingi zilipangwa kwa kupimia ngozi nyeupe. Lakini kwa mvuvi wa dagaa sifa hiyo imekaa kando. Yeye hukesha ziwani usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Anachotaka ni tochi, chaji ya siku kadhaa, na laini mbili.

Laini mbili hazikuwa pambo. Kwa miaka mingi kupiga simu ndani ya mtandao wako kulikuwa rahisi, na kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu mitandao hutozana ada kila simu inapovuka. Halafu kuna suala la mawimbi: mtandao mmoja unaweza kushika ukiwa sokoni ukapotea ukifika majini. Kwa hiyo watu walikuwa na laini mbili mfukoni na simu moja mkononi, wakifungua mfuniko na kubadilisha kila mara. Nokia iliingia kwenye laini mbili kwa kuchelewa, mwaka 2010, na C1-00 yake iliwasha laini moja kwa wakati mmoja. Ulibonyeza kitufe ndipo ihame kwenda nyingine. Wachina walikuwa wameshaziwasha zote mbili.

Mpaka hapo ni vivutio. Lakini kivutio peke yake hakimhamishi mtu. Unaweza kuitamani nyumba ya jirani na bado usihame, kama vitu vyako haviingii mlangoni. Sasa angalia vitu vya mtu wa Mugango wakati ule vilikuwa wapi.

Namba yake ilikuwa kwenye laini. Majina ya watu wake, kwa wengi, yalikuwa kwenye laini pia. Laini ya kawaida huhifadhi majina kama 250. Pesa yake, tangu M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, ilifuata namba, haikufuata simu. Unapiga *150*00#, menyu inakuja, iwe kwenye Nokia, itel, au kile kiswaswadu ambacho jina lake hata halisomeki. Chomoa laini, chomeka kwenye simu nyingine, na maisha yako yamehama yote. Dakika mbili.

Hata betri ilihama. Betri ya Nokia BL-5C, iliyokuwa ndani ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, iligeuka kuwa kama kipimo cha soko zima. Viredio vidogo, spika za memori kadi na viswaswadu vingi vya Kichina vilitengenezwa viipokee betri ya umbo lile. Ikiisha chaji unaibana kwenye chaja kobe na kuweka nyingine. Yaani Nokia ilijenga daraja ambalo wateja wake walipita juu yake kumkimbia.

Usidhani nausifu ule wakati kama pepo. Uwazi una gharama yake. Mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kwa sababu ziliweza kupata moto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Mwenye betri halisi aliweza kubadilishiwa. Mwenye BL-5C ya bandia angemlalamikia nani? Na Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki nchini, wapo waliogundua kwamba ile "Nokia" waliyoiamini haikuwahi kuwa Nokia. Jina lilikuwa kwenye kava tu. (Bonyeza *#06# sasa hivi, zile tarakimu 15 ndizo utambulisho halisi wa simu yako, si maandishi ya mgongoni.) Hata leo ukisema "narudi Nokia", simu unayorudia ni ya kampuni nyingine: tangu mwishoni mwa 2016 jina hilo kwenye simu lilikodishwa kwa HMD Global.

Sasa njoo kwenye simu janja. Kwa juu juu, kuhama kungepaswa kuwa rahisi zaidi. Tecno, Samsung, Infinix, Xiaomi, zote zinatumia Android. Chaja nazo zinakaribia kuwa moja: Umoja wa Ulaya ulilazimisha simu mpya zinazouzwa kwake kutumia USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple walishasalimu amri na iPhone 15 mwaka 2023. Mlango umepanuliwa. Lakini vitu vyenyewe vimefungwa kwa misumari.

Msumari wa kwanza ni betri. Tufanye hesabu kidogo. BL-5C ya 1,020 mAh kwa volti 3.7 ina nishati ya takriban saa-wati 3.8. Simu janja ya 5,000 mAh kwa volti kama 3.85 ina zaidi ya saa-wati 19, yaani mara tano. Bado inahitaji chaji kila siku, maana kioo na intaneti vinakula sana. Betri za lithiamu huchoka kwa idadi ya mizunguko ya chaji. Baada ya mizunguko 500 hadi 800 nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Chaji mara moja kwa siku kwa miaka miwili: mizunguko 730. Kwa hiyo mtengenezaji anajua kabisa kifaa gani kitachoka kwanza, na ndicho hicho alichokibandika kwa gundi chini ya kioo. Ana hoja yake, tumpe haki: simu iliyozibwa ni nyembamba, na inaweza kuzuia maji vizuri zaidi, jambo la maana kwa mtu wa ziwani. Ila betri ikichoka, aliye Mugango anapanda gari kwenda Musoma mjini kumtafuta fundi mwenye kifaa cha kupasha kioo joto. Zamani alihitaji ukucha tu.

Msumari wa pili hauonekani: akaunti. Simu janja nyingi huhifadhi majina kwenye akaunti ya Google au kwenye simu yenyewe, siyo kwenye laini. Na akaunti hiyo nani aliifungua? Mara nyingi ni kijana wa dukani, siku simu iliponunuliwa, kwa nenosiri alilolitunga palepale ili mteja aondoke. Mteja hakuwahi kuliandika. Miaka miwili baadaye anachomeka laini kwenye simu mpya, na majina hayapo. Picha za msiba, za harusi, za mtoto, ziko kwenye WhatsApp ya simu ya zamani. Akiifuta simu ile ili amuuzie mtu, Android, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, inaweza kudai akaunti ileile iliyokuwemo. Ulinzi huo uliwekwa kuwakomoa wezi. Hapa unamkomoa mwenye mali.

Ndiyo maana nasema uhakiki wa simu tunaosoma na kutazama kila siku umepungukiwa. Unatuambia megapikseli, RAM, kasi ya chaji, rangi ya mgongo. Yote hayo ni mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea haukaguliwi. Na milango ya kutokea haiji yenyewe kwa huruma ya kampuni. Hujengwa kwa viwango na kwa sheria. Laini inaingia karibu simu zote kwa sababu ya viwango vya kimataifa. Unaweza kubadili mtandao ukabaki na namba yako kwa sababu utaratibu huo ulianzishwa Tanzania Machi 2017. Ulaya wameandika sheria inayoanza Februari 2027 kwamba betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha. Sisi tunabaki kuuliza kamera.

Kwa hiyo siku ukitaka kuhama, chapa yoyote kwenda chapa yoyote, muulize muuzaji maswali matatu kabla hujatoa hela. Betri ikichoka, nani ataibadilisha, wapi, kwa bei gani? Majina yangu yatakaa wapi, na nenosiri la akaunti analijua nani? WhatsApp yangu itahamaje? Hili la mwisho lina majibu: Android kwenda Android unaweza kuhamisha moja kwa moja kwa kuskani msimbo wa QR, simu zote mbili zikiwa karibu, Android kwenda iPhone kuna programu ya Apple ya kuhamia, tangu 2022. Fanya hivyo kabla simu ya zamani haijafa, si baada.

Na kama mama au babu yako kijijini ana simu janja, likizo ijayo mketi naye. Hakikisha akaunti ni yake, nenosiri limeandikwa kwenye daftari analoliamini, na majina muhimu yamenakiliwa kwenye laini pia. Ni kazi ya nusu saa. Baada ya hapo, akitaka kubaki na simu yake au kuhama, uamuzi utakuwa wake.