Sauti Alizokabidhiwa Mwalimu

Kumfundisha mtoto muziki ni kazi ya kusifiwa hadharani, maana wanaoifanya vizuri hawajitangazi. Katika parokia za Ufipa wengi wao ni walimu wa kwaya wanaojitolea baada ya shughuli za shamba au za darasani. Vifaa vyao ni ubao, chaki na herufi saba: d, r, m, f, s, l, t.

Mtindo huo wa kuandika nyimbo kwa herufi ulienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover, ili watu wa kawaida waweze kuimba bila nota za mistari. Ndani yake do, yaani herufi d, haina makao ya kudumu. Mwalimu ndiye huchagua ianzie wapi. Wajibu wake unaanzia hapo. Mwenye sauti nzito akianzisha wimbo panapomfaa yeye, watoto hukwaruza. Akiupandisha mno, hupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Mwalimu stadi hutoa do, husikiliza, huipandisha au kuishusha kidogo, huku akiangalia mabega yao yasikakamae.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwenye ulimi. Mtoto aliyeambiwa mbele ya wenzake, "Wewe nyamaza, unatuharibia," anaweza kunyamaza maisha yake yote. Mara nyingi sauti anayo, ila hajajifunza kusikiliza. Mweke katikati ya wawili wanaoishika sauti vizuri, mpe muda, naye ataishika.

Tena watoto hawaji mikono mitupu. Makofi na ngoma wameshavijua nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka mapokeo ya muziki ya watu yaheshimiwe. Mwalimu anayeanzia kwenye mapigo wanayoyajua hajaushusha muziki hadhi.

Malipo yake huja siku sauti ya kwanza na ya pili zinapokutana bila kundi moja kulifuata jingine. Watoto hushtuka, hutazamana, hucheka. Wamegundua kwamba mtu anaweza kushika yake huku akimsikiliza mwenzake, na hilo litawafaa hata nje ya kwaya.

Mzazi wa Sumbawanga, wa Nkasi, wa Kalambo, usimwachie mwalimu huyu peke yake gharama ya chaki na madaftari. Nawe mwalimu, kabla ya kuwaambia watoto waimbe, wasikilize kwanza.