Aliyewapa Wanyama Kauli

Pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, ambapo malori yaendayo Rwanda na Burundi hupumzika kabla ya kuvikabili vilima vya Ngara, nilimkuta mtu ambaye kwa miaka mingi nilidhani amekwisha kufariki dunia, ameketi nyuma ya meza ndogo yenye kompyuta moja na nyaya nyingi zilizosokotana kama mizizi ya mgomba, akiingiza nyimbo na filamu katika memori kadi za madereva na utingo wao, na juu ya kichwa chake kibao kikinadi filamu zilizotafsiriwa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kuinua macho, na kwa neno lile moja, lililotoka kifuani zaidi kuliko kooni, nikamtambua. Ndiye aliyekuwa fisi wetu, na nyani wetu, na binti mbweha wetu, katika kibanda cha video kule Ngara nilipokuwa mtoto.

Watu wa siku hizi husema "kibanda umiza" kwa mzaha, na hakika viti vyake viliumiza. Lakini hakuna aliyetoka mle akilalamikia mgongo. Baada ya Aprili 1994, ambapo katika muda wa siku moja tu watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda, wilaya yetu ilijaa ghafla watumishi wa misaada kutoka mataifa ambayo majina yake tuliyasoma katika jiografia tu. Na walipoanza kuondoka waliacha vitu vyao nyuma, kama mgeni aachavyo kandambili barazani. Katika nyumba moja ya watumishi hao ndimo vilimotoka televisheni, deki na sanduku la mikanda ambavyo mwenye kibanda alivinunua kwa bei asiyoitaja hata kwa mkewe. Na miongoni mwa mikanda hiyo mlikuwa na katuni moja ambayo lugha yake hakuna aliyeijua, si mwalimu wala mchungaji.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba katuni ile ni ya Denmaki, ya mwaka 1993, kazi ya Flemming Quist Møller na wenzake, iitwayo Jungledyret Hugo. Kwamba ilifuatwa na ya pili mwaka 1996, nayo ikachorwa kwa mkono kama ya kwanza, na ya tatu mwaka 2007, iliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo niliitazama kwa adabu na kuisahau kwa urahisi. Nje ya nchi zile za kaskazini ni wachache wanaoikumbuka. Kisa chake ni cha kiumbe mdogo wa msituni, wa pekee wa aina yake duniani, anayekamatwa na tajiri wa filamu na kupelekwa Copenhagen, na huko akakutana na mbweha wa kike, Rita, anayeishi kwa ujanja wa mjini. Lakini majina hayo nayasema leo kwa kuwa nimeyasoma. Sisi tulimjua kiumbe yule kwa jina la Yatima, na mbweha kwa jina la Binti, maana ndivyo alivyowapa mfasiri wetu, mtu huyo huyo wa Lusahunga, na kwa hukumu yangu alistahili kuwapa kuliko waliowazaa.

Alikuwa akiketi juu ya kreti la soda, ubavu kwa televisheni na ubavu kwa watu, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye kipande cha mti ili mkono wake mmoja ubaki huru, kwani alisema kwa mkono kama alivyosema kwa kinywa. Mkanda aliutazama mara moja tu, adhuhuri, peke yake, wala hakuandika neno. Jioni, jenereta likinguruma nje kiasi cha kuwatisha mbuzi, alianza. Na maneno ya jana hayakuwa ya leo. Yule tajiri wa filamu alizungumza kwa lafudhi na hila za wanunuzi wa kahawa ambao mizani yao kila mkulima aliijua, na watu wazima waliokuwa wamesimama mlangoni, wakijidai wamekuja kuwatafuta watoto wao, walicheka mpaka wakasahau kudai. Ikiwa katika hadhara mlikuwa na mtu aliyekwepa deni dukani, mmoja wa wale nyani wawili, rafiki za Yatima, hakukosa kulikumbuka deni hilo huku akirukaruka mtini.

Siku moja nilithubutu kumwuliza sauti zile amezitoa wapi. Akaniambia ni za bibi yake, aliyekuwa akiwatambia hadithi kwa Kihangaza kando ya mafiga, na ambaye kwa rai yake kila mnyama ana mahali pake pa kusemea: sungura, ambaye ng'ambo ya mto Kagera Wanyarwanda humwita Bakame, husema puani, kwa kuwa ana haraka; chui husema kooni; fisi husema tumboni, maana ndiko akili yake iliko. Tatizo lake lilikuwa yule mbweha wa baridi, ambaye bibi hakumwachia sauti. Alihangaika naye siku tatu, hata alipomwona mjukuu wa jirani akijibu maswali ya mama yake huku ameficha sukari shavuni. Na kuanzia jioni hiyo Binti akasema kwa pembe ya mdomo, kama mtu anayetafuna alichokatazwa. Mimi nimekwisha sikia sauti nyingi za kulipwa tangu wakati ule, na sijasikia iliyotafutwa kwa taabu na mapenzi kiasi hicho.

Lakini ninalolikumbuka zaidi si neno. Mwishoni Yatima anarudi kwao msituni na Binti anabaki. Jioni zote mfasiri alikupamba kuagana kule kwa nasaha na utani. Ila jioni moja, ambapo katika viti vya mbele walikuwa wameketi watoto waliokuja na kambi za wakimbizi, na kila mtu mle ndani alijua wametoka wapi na wamewaacha akina nani, alikisogeza kipaza sauti mbali na kinywa chake na kunyamaza. Kwa mara ya kwanza tukawasikia wanyama wale wakisema kile nilichokuja kujua baadaye kuwa ni Kidenmaki. Ilikuwa ajabu, kama kumkuta mzazi wako anazungumza na mgeni lugha usiyojua kuwa anaifahamu. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mbona hutafsiri?" Naye, kwa ile pembe ya mdomo, akajibu, "Subirini, ana kwikwi." Watu wakacheka, na wale watoto wa mbele wakacheka pia, na picha ikaisha.

Simtwezi Derek Mukandala, yule Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye aliitia sauti yake katika mikanda ikaenea nchi nzima, wala wenzetu wa Uganda wanaojiita VJ. Ni mafundi, na wamewafurahisha wengi. Ila sauti iliyokwisha kurekodiwa haijui nani ameketi viti vya mbele. Humwambia mtoto wa Ngara lile lile ililomwambia mtoto wa Temeke, nayo haiwezi kunyamaza kwa ajili ya mtu yeyote. Mikanda ile ya kukodisha ilipotufikia, mwenye kibanda akaona hana haja ya kumlipa mtu akae juu ya kreti. Kisha zikaja CD, kisha simu, na leo, ambapo maporomoko ya pale pale Rusumo yanatoa megawati 80 za umeme kwa nchi tatu na jenereta limekuwa chuma chakavu, mtoto hutazama katuni peke yake, nyaya masikioni, na bibi ameketi hatua mbili tu kutoka kwake, ana sungura na fisi wote kifuani, akingoja kuulizwa. Si filamu iliyomnyamazisha. Mfasiri wetu alikwisha tuonyesha kwamba filamu na bibi waliweza kuketi jamvi moja.

Nilimwuliza pale Lusahunga kama anayo ile ya Yatima. Akatabasamu, akatafuta katika mafaili, akaipata, wanyama wakisema Kiingereza cha kuazima. Aliitazama kidogo. Kisha akaishusha sauti mpaka mwisho, akakohoa kusafisha koo, na pembe ya mdomo wake ikaanza kuinama. Na papo hapo utingo akaingia akiwa ameshika kadi yake, akitaka Bongo Fleva za mia tano, upesi, gari linaondoka.