Toleo la Kwanza

Mikese ni mahali pa kupita. Barabara kuu ya Morogoro hupita hapa, reli ya kati vilevile. Mimi nimekaa, pamoja na vitabu nilivyovikomboa kabla havijachanwa kufungia karanga.

Nakusanya vitabu vya uchumi vilivyogeuza fikra zetu, toleo la kwanza tu. Wakusanyaji wa Ulaya huota juzuu mbili za Adam Smith zilizotoka London mwaka 1776. Ndoto yangu ilikuwa kijitabu cha Azimio la Arusha cha 1967, na kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kilichotolewa 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London.

Kazi hii ni ya macho na vidole. Jalada hudanganya, kwa hiyo nafungua kwanza ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Nikikuta mwaka mmoja peke yake, moyo hunidunda. Kisha nahesabu kurasa, napapasa mshono, nanusa ukungu. Masika, mawingu ya Uluguru yakishuka, karatasi hunywa unyevu. Vitabu navianika kivulini penye upepo. Miguu ya kabati imesimama kwenye makopo ya oili chafu, mchwa wasipande.

Kwa nini toleo la kwanza? Kwa sababu ni shahidi aliyesema kabla hajajua mwisho wa kesi. Kitabu cha Rodney kinamalizika kwa neno la mwanasiasa Abdulrahman Mohamed Babu. Mwaka huohuo wa 1972 Babu akawekwa kizuizini hadi 1978. Katika Azimio langu, mtu alipiga mstari wa penseli chini ya neno kujitegemea. Hakuijua bado njaa ya 1974. Mkono wake haukutetemeka.

Ninachokipenda kuliko vyote kinahusu milima ninayoiona dirishani: kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha 1960, juu ya Waluguru waliokataa kulimishwa matuta mwaka 1955. Mzee jirani yangu alikuwa mtoto wakati huo. Jioni moja nilimtafsiria kurasa chache. Alinyamaza muda mrefu, akalipapasa jalada.

“Kumbe waliandika,” akasema. “Basi, mwanangu, kiweke pakavu.”