Kilo ya Maji, Gorogoro ya Hewa

Anayemtafutia paka wake chakula sokoni Kongowea au madukani Changamwe, Mombasa, hukutana na vipimo vitatu visivyosemezana: kopo lina gramu zake, punje kavu zina kilo zake, na omena, yaani dagaa wadogo wa ziwani, ina gorogoro, mkebe wa kupimia sokoni. Tuchukue bei za mfano. Kopo la gramu 400 liwe shilingi 250, na mfuko wa kilo moja wa punje uwe 600. Kwa kila gramu 100, kopo ni shilingi 62.50 na punje 60. Mtu ataona ni mamoja. Lakini kopo la namna hii huwa na maji asilimia 80 hivi, punje asilimia 10. Yatoe maji: koponi mmebaki gramu 80, mfukoni 900. Sasa gramu 100 za chakula chenyewe ni shilingi 312.50 kwa kopo na 67 kwa punje. Shilingi mbili na nusu zimegeuka pengo la karibu mara tano.

Atakayesema maji hayo yana kazi hajakosea. Paka hunywa kidogo, na dume huweza kuziba njia ya mkojo. Ila maji huongezwa bakulini. Hata mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ukiuzwa shilingi 50, kikombe kimoja hakifiki shilingi.

Omena ina hila nyingine. Gorogoro, kama kibaba na pishi za wazee wetu, hupima nafasi, wala si uzito, na omena hukaa mkebeni ikiwa imeacha mianya tele. Muuzaji akimimina polepole bila kutikisa, umenunua na hewa. Dawa ni kuipeleka mizanini mara moja tu, kisha kuipepeta. Tuseme gorogoro ya shilingi 300 imepima gramu 700, na mchanga ukatoka gramu 50. Ukitoa na unyevu wa asilimia 10, gramu 100 zimekugharimu shilingi 51. Imezishinda punje, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa sokoni.

Pingamizi zito ni la lishe. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka anayekosa taurini, aina ya asidi ya amino, hudhoofika moyo. Samaki anayo, lakini taurini huyeyukia majini samaki akichemshwa. Anayemwaga supu amemwaga sehemu ya alichonunua. Tena omena peke yake si mlo kamili, na ugali unaochanganywa nayo hujaza bakuli kuliko unavyomlisha mla nyama. Kwa hiyo shilingi 51 ni bei ya kitoweo, nayo 67 ni ya mlo mzima, mradi mfuko umeandikwa hivyo. Na Ziwa Victoria upande wa Kenya linapofungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, gorogoro ileile ikipanda hadi 400 inafika shilingi 68, kabla hujawasha jiko.